Glavu za Safu ya Nyuma

Kila alipomaliza kukanda unga, Mama Tshibola alinawa mikono. Alipofuta jasho, alinawa. Alipopanga makaa kwenye mbabula, jiko lake la chuma, alinawa tena. Kando yake kulikuwa na bidoni, dumu la njano alilolitoboa chini na kulichomekea ganda la kalamu ya biki liwe bomba, kipande cha sabuni ya kufulia, na beseni la kukinga maji machafu. Pesa hakuzishika; mteja alizitumbukiza mwenyewe ndani ya kopo la maziwa, na mikate ya mafuta ikatolewa kwa uma. Wanawake wa safu ya nyuma walimwita Mama Bata, kwa kuwa hakauki maji. Zamani utani huo ulimchekesha. Siku hizi ulikuwa umeanza kuota meno.

Glavu zake zilikuwa ndani ya aproni, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa na jozi moja tu.

Tangu ugonjwa wa vipele uingie Kindu, ule ambao redioni waliuita mpox na sokoni watu waliutaja kwa kujionyesha tu mahali vinapoota, amri ilikuwa imetoka: hakuna kuuza chakula bila glavu. Ilisomwa kwa kipaza sauti siku ya Jumatatu. Jumanne glavu zilikuwa tayari zinauzwa kwenye lango la soko, na waliokuwa wakiziuza ni walewale waliosoma amri. Namna ya kuzivaa, namna ya kuzivua, zitupwe wapi na lini, hayo hakuna aliyejisumbua kuyaeleza. Mkaguzi alitaka kuona kitu kimoja tu, kama glavu iko mkononi au haiko. Zaidi ya hapo hakuuliza, na kusema kweli zaidi ya hapo hakujua.

Basi soko zima likavaa. Muuza nyama alikata nyama na glavu, akapokea noti na glavu, akapenga kamasi na glavu, akarudi kwenye nyama. Muuza sombe, yale majani ya muhogo, alijikuna mguu, akaendelea kufunga mafungu. Jozi moja ilitumika wiki nzima. Jioni zilifuliwa kwa maji ya Lualaba na kuanikwa kwenye kamba pamoja na nepi. Asubuhi zilinyunyiziwa unga wa fufu kwa ndani ili vidole viteleze. Kidole kikipasuka kilifungwa kwa uzi. Katika maisha yake yote Mama Tshibola hakuwahi kuona uchafu ukitunzwa kwa mapenzi namna ile, na aliposema hivyo watu walicheka, halafu wakaenda kununua mikate kwa mwingine, aliyevaa.

Safu ya nyuma, ile iliyoegemea ukuta wa reli, ilikuwa na meza tano, na wenye meza hizo walikuwa hoi kuliko wengine wote. Wanawake watatu wa mwisho hawakuweza kabisa kununua glavu. Walipata dawa yao: jozi ya Bibiche, muuza samaki wa meza ya kwanza, ilikuwa ya wote. Zéphirin, mkaguzi wa usafi, alipenda kuanzia kwa Bibiche na alipenda kupiga soga. Akishampita Bibiche, glavu zilivuliwa haraka, zikapita chini ya meza, zikamtangulia. Akifika kwa Aïcha, meza ya tatu, anazikuta mikononi mwa Aïcha. Akigeuka kuandika, zimeshafika kwa anayefuata. Mtu mwenye macho angejiuliza kwa nini glavu zote za safu ya nyuma zimefungwa uzi mweusi kwenye kidole gumba cha kushoto. Zéphirin hakujiuliza.

"Anakuja!" Aïcha alinong'ona asubuhi hiyo.

Koti la rangi ya chungwa la mkaguzi lilikuwa limetokea mwanzo wa safu. Mama Tshibola alitoa mfuko wake wa plastiki, akavaa glavu, akaining'iniza mikono hewani bila kugusa kitu, kama daktari anayengoja mgonjwa aletwe. Alikuwa ameshaandikwa mara mbili kwa kukutwa mikono mitupu. Mara ya tatu ilikuwa ni kunyang'anywa meza, na bila meza hiyo hakuwa na pengine pa kupata chakula cha siku.

"Njo vile, Mama Tshibola," alisema Zéphirin. "Ungekuwa unavaa vile kila siku, hatungegombana. Unajua kuko watu makumi mbili wanangojea meza hapa?"

"Ninajua, shefu."

"Uangalie mwenzako." Akamshika Bibiche mkono, akauinua juu ili safu nzima ione. Mkaguzi mwenyewe alikuwa na glavu, zilezile za wiki nzima, zimekuwa kijivu kwenye vidole. "Huyu njo mufano. Kutoka asubuhi mpaka mangaribi, ganti iko mukononi. Hata kula anakula nayo. Sivyo, Bibiche?"

"Njo vile, shefu," Bibiche alijibu, akitazama samaki zake.

Zéphirin aliuachilia mkono ule, akafuta masharubu kwa vidole vilevile, akaingia kwenye soga za mvua na bei ya makaa. Nyuma ya mgongo wake Bibiche alizivua glavu kwa kuzivuta vidoleni, akazisukuma chini ya meza. Mama Tshibola alizipokea kwa uma wake wa zamani, ule asioutumia tena, akampitishia Aïcha.

"Mama Bata hata siye anatuogopa," Aïcha alisema kwa sauti ya chini, na wale wawili wa mwisho wakaangua kicheko.

Mama Tshibola hakucheka. Alikuwa akimtazama Bibiche. Zamani Bibiche akivua glavu alijinyoosha vidole na kujipepea kwa furaha. Leo alikuwa ameificha mikono yote miwili kwapani, na alikaa hivyo, amejikunja, mpaka glavu zilipomrudia. Alizivaa kabla hata ya kugeuka.

Siku ya nne sasa alikuwa hivyo. Na siku hizo zote alikuwa akiisogeza stuli yake, kidogo kidogo, mbali na meza ya Mama Tshibola.

Jambo hilo lilimuuma Mama Tshibola kuliko alivyotaka kukubali. Mumewe Mwamba, fundi wa reli, alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, akiwa bado anangoja mshahara na treni, na vyote viwili vilikuja kwa mwendo mmoja. Watoto wao walikuwa Mwene-Ditu, kwao Kasai. Walipiga simu sikukuu zikifika. Nyumbani kulikuwa na kitanda, redio, na picha ya harusi. Mtu pekee aliyekuwa akimgusa alikuwa Bibiche. Akicheka, alimshika mkono. Mchana wateja wakipungua, alimsuka nywele, akimvutavuta kichwa na kumsimulia habari za Patou, mume wake, aliyekwenda kwenye machimbo ya Pangi na kusahau njia ya kurudi. Tangu ugonjwa uingie, watu walisalimiana kwa kiwiko, halafu kwa mguu, halafu kwa kupungiana tu. Mama Tshibola aliwahi kuhesabu siku tangu aguswe mara ya mwisho na mtu yeyote. Zilipofika arobaini aliacha, maana alijiona anajitafutia kilio.

Saa nne mwanamke mmoja alikuja kununua samaki, ana mtoto mgongoni. Alinunua wawili wadogo. Bibiche alikuwa mkarimu. Kila mteja alipata matabisi, nyongeza yake ya bure, hata kama ni kipande cha mkia. Alivunja kipande laini cha samaki aliyekwisha kukaangwa, akatoa miba, akakunja kidole chake chenye glavu na kukitia kipande hicho moja kwa moja mdomoni mwa mtoto. Mtoto akanyonya kidole. Mama mtu akacheka, Bibiche akacheka pia. Kisha uso wake ukabadilika, akakichomoa kidole kwa nguvu hivi kwamba mtoto akalia.

Mama Tshibola aliona vyote. Mafuta yalikuwa yakitoa moshi na mikate ilikuwa ikiungua, naye alikuwa amesimama tu.

Miaka ya vita, mji ulipozingirwa na hakuna aliyethubutu kutoka kwenda shambani wala kuokota kuni, alikuwa mfanyakazi wa usafi katika zahanati ndogo ya uzazi nyuma ya bohari za reli. Leo hapo kuna duka la mabati. Kazi yake ilikuwa glavu. Boksi la mwisho lilikuwa limekwisha zamani, na ndege zilileta wanajeshi, hazikuleta glavu. Kwa hiyo zilizokuwepo zilitumika tena na tena, na si kwa ovyo: aliziloweka kwenye dawa ya klorini, akazifua, akazipuliza mithili ya kibofu na kuzizamisha majini aone kama zinatoa mapovu, akazianika, akazichemsha. Mkunga mkuu, Mama Joséphine, alimfundisha kila hatua. "Glavu haina akili," alikuwa akisema. "Akili iko kwa ule anaivaa."

Siku moja kuni ziliisha. Wanawake watatu walikuwa wakijifungua kwa pamoja, na mlangoni Mama Joséphine alipaza sauti: "Tshibola, ganti iko tayari?" Zilikuwa zimesuuzwa kwa maji baridi tu, muda mfupi baada ya kutoka kwa mgonjwa mwenye kidonda kilichooza. Angeweza kusema. Aliogopa, alikuwa kijana, njaa ilikuwa inamzungusha kichwa, na kule ndani mtu alikuwa akilia. Akasema, "Iko tayari."

Misenga, mwanamke wa miaka kumi na tisa, alifariki siku ya tano kwa homa. Aliacha mtoto wa kike. Hakuna aliyeuliza kitu. Siku zile watu walikufa kwa mambo mengi kiasi kwamba kifo kimoja zaidi hakikutafutiwa sababu. Mama Joséphine aliutia mwili sanda, akamshukuru Tshibola kwa kazi nzuri. Siri hiyo hakumwambia hata Mwamba, na waliishi pamoja miaka ishirini.

Sasa aliiepua sufuria ya mafuta motoni.

"Bibiche, kuja."

"Niko na wateja, yaya," alijibu Bibiche, aliyemwita dada mkubwa siku zote.

"Kuja, nimesema."

Alichukua bidoni na sabuni, akatangulia nyuma ya ghala la chumvi, kwenye shimo la takataka lililokuwa likifuka moshi asubuhi hadi jioni. Bibiche alimfuata akijivuta. Mama Tshibola alizitoa glavu zake mfukoni, zile zilizokuwa zimelinda meza yake asubuhi, akazivaa.

"Toa mikono."

"Ni joto tu, yaya. Ile ganti inachoma ngozi."

"Ule mutoto umemulisha na kidole. Toa mikono, Bibiche."

Bibiche aliinyoosha. Mama Tshibola aliibana glavu ya kwanza kwa nje, karibu na kifundo, akaivuta polepole ikageuka ndani nje hadi vidoleni, bila kuiacha igonge ngozi. Kiganjani, na kwenye kunjo la kidole cha shahada, kulikuwa na vipele vinne vilivyojaa usaha, kimoja kimepasuka. Unga wa fufu ulikuwa umeganda pembeni yake. Mkono wa pili ulikuwa na viwili.

"Tangu siku gani?"

"Leo siku ya ine."

"Homa?"

"Ilianza mbele, ikaisha." Bibiche alianza kulia kimyakimya, machozi yakimteremka mpaka kidevuni kwa kuwa hakujua ayafute kwa mkono gani. "Wakiniona watanipeleka kwa hema ya wagonjwa. Nikiwa kule, nani ataniuzishia? Patou hata simu hapigi. Watoto watakula nini? Wiki moja tu, meza ilishaenda. Na hii ganti, yaya, ilinisaidia. Hakuna hata mumoja aliona. Shefu mwenyewe alisema miye njo mufano."

Yote aliyosema yalikuwa kweli, na Mama Tshibola alijua. Alimmiminia maji. Alimsugua mgongo wa mkono kwa sabuni, taratibu, akivizunguka vidonda, na katikati ya kusugua alitambua kwamba siku arobaini na kitu zilikuwa zimekatika: alikuwa akimshika mtu, na mtu alikuwa amemkabidhi mikono yake. Kulikuwa na plastiki katikati yao. Hata hivyo hakuharakisha.

"Sikiliza," alisema alipomfunga viganja kwa vipande vya kitambaa safi. "Unaenda sasa hivi kwa hospitali, kwa miguu. Usipande pikipiki. Usishike muntu njiani. Mama wa ule mutoto, unamujua?"

"Njo muke wa Kasimu, ule fundi wa saa."

"Jina lake umupe muganga, mbele ya kusema kitu kingine. Unanisikia? Mbele ya yote."

"Na meza?"

"Meza nitachunga miye."

"Usiambie watu, yaya. Ninakuomba. Wakijua ni miye, hata nikipona hawatanunua samaki kwangu tena."

"Sitaambia muntu," alisema Mama Tshibola.

Bibiche alipiga hatua mbele kumkumbatia, akakumbuka, akasimama. Kisha akaondoka kwa kupitia nyuma ya ghala, viganja vimeinuliwa mbele ya kifua.

Mama Tshibola alizitupa glavu za Bibiche shimoni. Halafu akavua zake kama alivyofundishwa: alibana ya kulia kwa nje, akaivua ikageuka, akaikunja ndani ya kiganja cha kushoto, akapenyeza kidole kitupu chini ya ukingo wa ya pili, akaivua juu ya mwenzake, zikawa bumba moja safi kwa nje. Akalitupa. Akasukumia makaa juu kwa kijiti, plastiki ikanywea na kunuka. Alinawa hadi viwiko. Mikono ilipokuwa bado inadondosha maji ndipo akili ilipomrudia. Hakuwa na glavu tena, na safu ya nyuma pia haikuwa na glavu tena.

Halafu likamjia jingine, zito kuliko hilo. Glavu zile zilizokuwa zikipita chini ya meza, asubuhi na mchana, siku nne.

Aliporudi kwenye meza yake, koti la chungwa lilikuwa limeshaingia safuni kwa zamu ya mchana, na wanawake walikuwa wamepagawa.

"Yaya, ganti!" Aïcha alimwinamia. "Bibiche iko wapi? Amepeleka wapi ganti yetu?"

"Nimeichoma."

"Umefanya nini?"

"Nimeichoma, Aïcha."

Angeweza kusema zilipasuka. Neno lilikuwa ulimini, dogo, rahisi kutamka, na lingemtunzia Bibiche siri yake na yeye urafiki wake. Lakini Aïcha, kwa hasira na jasho, alikuwa amepandisha mkono ule aliovalia glavu asubuhi na kuanza kujifikicha jicho.

"Usiguse macho!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Wateja waligeuka. Zéphirin naye, aliyekuwa amefika mbele ya meza ya Bibiche na kuikuta haina mtu, aligeuka.

"Bibiche iko na ule ugonjwa," alisema Mama Tshibola. "Iko mikononi mwake siku ine. Ile ganti yenu mulikuwa munapitisha, ilikuwa inalala juu ya vidonda vyake. Kila muntu aliivaa, anawe sasa hivi. Maji iko hapa, sabuni iko hapa. Halafu muende kwa muganga aangalie mikono yenu."

Hakuna aliyesogea. Mwanamke aliyekuwa ameshika samaki kwenye meza ya Bibiche alimwachia akaanguka chini. Wateja wawili waliondoka bila kuaga, halafu watano, halafu safu ikabaki na wenyewe.

"Unatuharibia soko," alisema Aïcha. "Unasema vile mbele ya watu! Ungetuita pembeni, Mama Tshibola. Pembeni!"

Zéphirin alikuwa akitazama glavu zake. Alizitazama kitambo kirefu, kisha akairudisha mikono nyuma ya mgongo.

"Nani dokta hapa?" aliuliza. "Uko na karatasi ya dokta?"

"Sina."

"Basi ni habari ya uongo. Kutisha watu ndani ya soko, njo kosa." Macho yake yalitafuta mahali pa kutua, yakapapatika. "Na wewe ganti yako iko wapi?"

"Nimeitumia."

"Umeitumia?"

"Nimeitumia, imemaliza kazi, nimeitupa. Ganti ni ya mara moja, shefu."

"Onyesha mikono."

Aliionyesha. Ilikuwa imechakaa kwa maji, imekunjamana vidoleni, ina harufu ya sabuni. Huenda ndiyo iliyokuwa mikono safi kupita yote katika soko lile. Zéphirin alifungua daftari lake, akaandika huku akitamka kila neno ili mashahidi wasikie: mikono mitupu, mara ya tatu, meza inarudi kwa soko. Kisha akaongeza, bila kumtazama mtu, kwamba meza namba moja nayo haina mwenyewe, kwa hiyo inarudi pia. Wanawake watatu wa mwisho walikuwa wameficha mikono chini ya meza, lakini hakuwafikia. Alitoka safuni kwa hatua ndefu.

Mama Tshibola alikaa kando ya bidoni yake. Alingoja. Alimwona Aïcha akijipenyeza kati ya meza hadi kwenye bomba la lango, akanawa huko, muda mrefu, akisugua kama anayetoa rangi. Wale wawili wakamfuata, mmoja mmoja. Walinawa, na hilo lilimpa nafuu. Lakini bomba la lango lilikuwa mbali, lina foleni, na halina sabuni, na la kwake lilikuwa hatua nne kutoka walipoketi. Waliporudi walizigeuza stuli zao wakampa mgongo.

Alijua Bibiche atasikia kabla ya siku kwisha. Habari kama hizo hupanda pikipiki. Alijaribu kujifariji kwamba amefanya linalotakiwa, na ni kweli alikuwa amelifanya, na faraja haikuja. Ilikuja hasira, na nyuma ya hasira upweke uleule, umeongezeka ukubwa.

Mchana wote hakuuza hata mkate mmoja. Saa kumi safu ilianza kufungasha. Aïcha na wenzake walitwikana mizigo yao, huyu akimwinulia yule beseni kichwani, wakaondoka pamoja. Mama Tshibola alibaki akizima makaa. Hapo ndipo Zéphirin alipotokea, bila koti la chungwa, shati limelowa mgongoni. Glavu hakuwa nazo.

Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Mama," alisema. "Ni kweli ile habari?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Miye nilimushika mukono. Asubuhi. Halafu..." Alijigusa juu ya mdomo, akautoa mkono haraka. "Halafu nilienda nyumbani kula. Niko na mutoto mudogo, mama. Anapenda kunipanda."

Mama Tshibola aliisogeza sabuni karibu. Aliinua bidoni.

"Nionyeshe," alisema Zéphirin. "Namna munafanyaka."

Alimwonyesha. Kiganja kwa kiganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kidole gumba ukikizungusha, ncha na kucha mwisho. Zéphirin alifuata kila neno kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Aliosha uso pia. Aliomba sabuni mara ya pili, na Mama Tshibola akampa. Alimwambia aende na mtoto kwa muganga kesho, na akiona homa asingoje kesho. Zéphirin aliitikia kwa kichwa.

"Shefu, ile meza," alisema Mama Tshibola. "Yangu muchukue. Ya Bibiche muiache. Nilimuahidi."

Mkaguzi alikung'uta maji vidoleni. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama usoni, na uso wake haukuwa mbaya.

"Karatasi ilishapanda kwa mukubwa, mama. Zote mbili. Na ile mambo ya Bibiche, usiseme tena kwa watu. Watafunga soko, na siye wote tutalala njaa."

"Basi unitwike hata beseni, niende."

Beseni lilikuwa limejaa: sufuria, mbabula, unga uliobaki, mikate ya siku nzima. Zéphirin alilitazama, masizi yake na mafuta yake, kisha akaitazama mikono yake iliyokuwa bado inang'aa maji. Akairudisha kifuani.

"Nimeshanawa, mama," alisema, na akaenda zake.

Mama Tshibola alipiga magoti kwenye udongo, akalivuta beseni hadi mapajani, kutoka mapajani hadi kifuani, kutoka kifuani hadi kichwani. Aliyumba. Alingoja shingo ikubali mzigo, kisha akainuka, goti moja kwanza.